Hiram Percy Maxim: Mhandisi aliyewaunganisha wanaredio wa ridhaa kuvuka mipaka

Baba yake alivumbua bunduki ya rashasha iliyosaidia kuziteka nchi. Mwana alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kupigania haki ya watu wa kawaida kuitana na kusaidiana kwa redio, hata pale mpaka wa nchi unapowatenganisha.

Usiku mmoja wa mwaka 1914, mhandisi wa makamo katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut nchini Marekani, aliketi mbele ya mtambo wake wa redio akijaribu kumwita mtu aliyekuwa Springfield, mji ulio umbali wa kilomita 40 hivi upande wa kaskazini. Alikuwa amepata habari kwamba mwanaredio mmoja huko alikuwa akiuza valvu, kifaa cha kioo mfano wa balbu ya taa kilichoweza kunasa ishara dhaifu, na ambacho wakati huo kilikuwa adimu. Mtambo wake ulikuwa na nguvu ya kilowati moja, kiwango cha juu kabisa ambacho sheria ilimruhusu raia kutumia. Hata hivyo, usiku ule Springfield haikumsikia.

Mhandisi huyo akamkumbuka mwanaredio mwenziwe wa Windsor Locks, mji mdogo ulio katikati ya njia. Akamwita, akampa ujumbe wake, naye akaupeleka mbele hadi Springfield. Kilowati moja ilikuwa imeshindwa kufanya kazi ambayo jirani mmoja aliifanya kwa dakika chache. Mhandisi huyo aliitwa Hiram Percy Maxim, na wazo lililomjia usiku huo ndilo lililozaa vyama vya wanaredio wa ridhaa ambavyo leo vimeenea duniani kote.

Jina lililotangulia kufika Afrika

Hiram Percy Maxim alizaliwa tarehe 2 Septemba 1869 huko Brooklyn, New York. Jina la ukoo wake lilikuja kujulikana Afrika Mashariki kabla redio haijakuwapo, lakini halikujulikana kwa wema. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, alihamia Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1880, na mwaka 1884 akaunda bunduki ya kwanza iliyoweza kujipakia risasi yenyewe kwa nguvu ya mrudisho wake. Mvumbuzi huyo mwenyewe alimkabidhi Henry Morton Stanley bunduki moja ya aina hiyo kwa ajili ya msafara wa mwaka 1887 wa kumtafuta Emin Pasha. Mwaka 1905, wapiganaji wa Maji Maji walipoishambulia boma ya Wajerumani huko Mahenge, walikutana na bunduki za rashasha zilizowaua kwa wingi mno.

Mhandisi huyo hakulelewa na baba yake katika miaka ya ujana. Mzee Maxim alipoondoka kwenda Ulaya alimwacha mkewe na watoto nyuma, akajenga maisha mengine ng'ambo, na mwaka 1901 akapewa cheo cha heshima na ufalme wa Uingereza. Mwana alibaki Marekani na mama yake. Alirithi kwa baba yake udadisi wa mashine, na baadaye katika uzee wake aliandika kitabu cha kumkumbuka, chenye ucheshi mwingi na uchungu kidogo. Lakini maisha aliyoyachagua yalielekea upande mwingine.

Alikuwa na akili nyepesi. Mwaka 1886 alihitimu katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts akiwa bado hajatimiza miaka 17. Alifanya kazi katika kampuni za umeme, kisha akavutwa na wazo la gari lisilokokotwa na farasi. Akaunda baiskeli ya magurudumu matatu yenye injini ya petroli, na mwaka 1895 akaajiriwa na kampuni ya Pope ya Hartford, iliyokuwa ikitengeneza baiskeli na sasa ikitaka kuingia katika biashara ya magari. Katika mji huo ndipo alipoweka makao yake ya kudumu. Mwaka 1898 alimwoa Josephine Hamilton, binti wa aliyekuwa gavana wa jimbo la Maryland, nao wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike.

Utajiri wake ulitokana na kifaa ambacho, kwa namna fulani, kilikuwa jibu kwa kelele za bunduki ya baba yake. Mwaka 1909 alipata hataza ya kiwambo cha sauti cha bunduki, mtungi mdogo unaoizungusha hewa ya baruti ndani yake hadi ipungue kasi kabla ya kutoka. Baadaye kampuni yake iliachana na bunduki na kutumia kanuni hiyohiyo kunyamazisha mabomba ya moshi ya injini na mitambo ya viwandani. Maxim alichukia kelele, naye aliamini kwamba miji ya siku zijazo ingepaswa kuwa na utulivu.

Mtoto aliyemwingiza baba katika redio

Katika nyumba hiyo ya mtu asiyependa kelele, chombo chenye kelele kuliko vyote kiliingia kupitia mwanawe. Kijana huyo alivutiwa na simu ya upepo, kama redio ilivyoitwa wakati huo, na baba akajikuta naye amenaswa. Mitambo ya zama hizo ilirusha mawimbi kwa cheche za umeme zilizoruka kati ya vipande vya chuma kwa mlio mkali uliosikika hadi barabarani. Gurudumu la cheche la Maxim lilipata jina la utani la kike, Old Betsy, na hadi leo limehifadhiwa kama kumbukumbu.

Wanaredio wa ridhaa ni watu wanaojifunza kurusha na kupokea mawasiliano ya redio kwa mapenzi yao wenyewe, bila malipo na bila kusudi la biashara. Mwanzoni mwa karne ya 20 wengi wao nchini Marekani walikuwa vijana waliojitengenezea vifaa kwa nyaya, mbao na vioo vya nyumbani. Serikali haikuwatazama kwa jicho zuri. Baada ya meli ya Titanic kuzama mwezi Aprili 1912, malalamiko kwamba vijana hao walikuwa wakivuruga mawasiliano ya baharini yaliongezeka, na mwezi Agosti mwaka huohuo sheria mpya ikapitishwa. Kila mmoja alitakiwa kuwa na leseni, na wote wakasukumwa kwenye mawimbi ya mita 200 na chini yake. Wataalamu wa wakati huo waliyaona mawimbi hayo mafupi kuwa hayana faida yoyote. Ilikuwa kama kumpa mtu shamba la mawe na kumwambia alime.

Tukio la Springfield lilimfundisha Maxim njia ya kulilima shamba hilo. Ikiwa kituo kimoja hakiwezi kufika mbali, basi vituo vingi vipokezane, kama wakimbiaji wanaopokezana vijiti. Tarehe 6 Aprili 1914 aliwasilisha wazo hilo mbele ya klabu ya redio ya Hartford. Akishirikiana na kijana Clarence Tuska, aliyekuwa akiuza vifaa vya redio mjini humo, alianzisha Ligi ya Marekani ya Kupokezana Ujumbe kwa Redio, inayojulikana kwa kifupi cha ARRL. Kufikia Septemba mwaka huo zaidi ya vituo 200 vilikuwa vimejiandikisha. Desemba 1915 lilitoka toleo la kwanza la jarida lao, QST, jina lililotokana na msimbo wa telegrafu wenye maana ya mwito kwa vituo vyote. Mwezi Februari 1917, ujumbe uliotoka New York ulifika Los Angeles na jibu likarudi kwa muda wa saa moja na dakika 20, ukipita mikononi mwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kuonana uso kwa uso.

Kunyamazishwa na kurejea

Miezi miwili baadaye sauti zote zilizimwa. Marekani iliingia katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia mwezi Aprili 1917, na wanaredio wa ridhaa wakaamriwa kufunga vituo vyao na kushusha antena. Hata kusikiliza tu kulipigwa marufuku. Maelfu yao walijiunga na jeshi, ambako ujuzi walioupata vyumbani mwao ulihitajika sana katika meli na katika medani za Ulaya.

Vita vilipomalizika Novemba 1918, marufuku haikuondoka. Badala yake, muswada ulifikishwa mbele ya bunge mjini Washington wa kuyaweka mawasiliano yote ya redio mikononi mwa Jeshi la Wanamaji. Kama ungepita, redio ya raia ingekuwa imekufa moja kwa moja. Hapa ndipo Maxim alipoonyesha kipaji chake kingine, ambacho pengine kilikuwa kikubwa kuliko uhandisi. Alikwenda mwenyewe mbele ya kamati ya bunge kuwatetea wenzake, huku Ligi ikiziandikia familia za wanaredio kote nchini ziwatumie wabunge wao barua. Wazazi waliokuwa na watoto vitani waliuliza kwa nini kijana aliyeitwa kwa sababu ya ujuzi wake wa redio arudi nyumbani na kunyang'anywa redio hiyohiyo. Muswada ukaanguka.

Ligi yenyewe ilikuwa imebaki jina tu. Haikuwa na fedha, na jarida lake lilikuwa limesimama. Mapema mwaka 1919 Maxim na wenzake wachache walikutana New York, wakachanga walichokuwa nacho mifukoni, kisha wakawakopa wanachama wa zamani ili waanze upya. Ruhusa ya kusikiliza ilirudishwa mwezi Aprili mwaka huo, na ile ya kurusha ilirudi tarehe 1 Oktoba 1919.

Katika kurasa za jarida lililofufuka, wasomaji walimpenda mwandishi mmoja wa ajabu aliyejiita Mzee, aliyelalamikia kwa kejeli ufundi mbovu, tabia ya kuingilia mazungumzo ya wengine na utovu wa adabu hewani. Mzee huyo alibuni hata kifaa cha kutisha cha kuwaadhibu wakorofi, na siku moja akakituma makao makuu ya Ligi: vipande viwili vya mbao vya umbo lisiloeleweka vilivyofungwa pamoja kwa waya. Kwa miaka mingi wanaredio waliulizana Mzee ni nani. Ilikuja kutangazwa baada ya kifo cha Maxim kwamba alikuwa yeye mwenyewe, rais wa Ligi. Alikuwa ameona kwamba watu wasiotawaliwa na mkubwa yeyote hewani wangeweza kuishi pamoja ikiwa tu wangejifunza kutaniana na kuonyana.

Kuvuka bahari

Kupokezana ndani ya nchi moja hakukumtosheleza. Canada, jirani wa kaskazini, tayari ilikuwa na wanaredio waliozungumza na wenzao wa Marekani na kujiunga na Ligi, na mpaka kati ya nchi hizo mbili haukuwa na maana kubwa hewani. Swali lilikuwa bahari ya Atlantiki. Je, mawimbi ya mita 200, yale yaliyodharauliwa, yangeweza kufika Ulaya?

Jaribio la kwanza mwanzoni mwa mwaka 1921 lilishindwa. Ligi ikaamua kumtuma mtu. Paul Godley, mmoja wa mafundi hodari wa kupokea mawasiliano, alipanda meli hadi Uingereza na kupiga hema katika shamba lenye upepo na mvua karibu na bahari huko Ardrossan, Scotland. Mwezi Desemba 1921, katika baridi ya usiku, alisikia kituo cha wanaredio wa Greenwich, Connecticut, na baadaye vituo vingine zaidi ya 20 vya ng'ambo ile. Tarehe 12 Desemba alinakili ujumbe mzima. Ukimya wa bahari ulikuwa umevunjwa, ingawa kwa upande mmoja tu.

Jibu la upande wa pili lilitoka Ufaransa. Léon Deloy, mwanaredio wa mji wa Nice, alisafiri hadi Marekani mwaka 1923 kujifunza kwa wenzake mbinu na vifaa walivyotumia. Aliporudi nyumbani alijenga mtambo wa mawimbi ya mita 100 na kuwaarifu wenzake wamtegee sikio. Tarehe 28 Novemba 1923 kwa saa za Ulaya, Deloy alizungumza na Fred Schnell, aliyekuwa akisimamia mpango wa kupokezana ujumbe wa Ligi kutoka West Hartford. Yalikuwa mazungumzo ya kwanza ya wanaredio wa ridhaa ya kwenda na kurudi juu ya Atlantiki. Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba, mfugaji Frank Bell wa New Zealand alizungumza na mwanafunzi Cecil Goyder wa shule ya Mill Hill mjini London, karibu upande wa pili wa dunia. Shamba la mawe lilikuwa limegeuka kuwa lenye rutuba kuliko mashamba yote, na serikali na makampuni makubwa yakaanza kuyakimbilia mawimbi mafupi.

Katika miezi hiyohiyo ilijulikana pia kwamba kuvuka mipaka kungeweza kuwa msaada wa kweli, si mchezo wa kuwinda rekodi. Mwezi Juni 1923 mpelelezi wa nchi za barafu Donald MacMillan aliondoka jimbo la Maine kwa merikebu ya matanga iitwayo Bowdoin. Misafara kama yake ilizoea kutoweka katika giza la kaskazini kwa mwaka mzima au zaidi, na ndugu za mabaharia kukaa bila kujua kama wangali hai. Ligi ilimpa mwanaredio mmoja kijana, Donald Mix, asafiri naye. Merikebu ilinaswa na barafu kaskazini ya mbali ya Greenland, ardhi iliyokuwa chini ya Denmark. Kati ya vituo vyote vilivyokuwa vikiisaka sauti yake, kilichoibuka kuwa kiungo cha kutegemewa kilikuwa cha Mcanada, Jack Barnsley wa Prince Rupert, bandari ya British Columbia kwenye pwani ya Pasifiki. Usiku baada ya usiku alipokea habari za Wamarekani hao na kuzipeleka kwao. Barnsley hakuwa na undugu wala biashara na yeyote katika merikebu hiyo.

Paris, 1925

Maxim aliona kwamba jambo hili halingeweza kuachwa kwa bahati na urafiki pekee. Kila nchi ilikuwa na sheria yake, na katika nchi nyingi raia hakuruhusiwa kabisa kurusha mawimbi. Mwezi Machi 1924 alikwenda Paris na kukutana na wanaredio wa nchi mbalimbali za Ulaya. Mwaka mmoja baadaye, mwezi Aprili 1925, wajumbe kutoka nchi zaidi ya 20 walikusanyika tena katika mji huo. Ilikuwa miaka saba tu tangu kumalizika kwa vita vilivyowafanya baadhi yao kuwa maadui. Tarehe 18 Aprili waliunda Umoja wa Kimataifa wa Redio za Ridhaa, IARU, na kumchagua Maxim kuwa rais wake wa kwanza.

Ugumu mmoja ulikuwa lugha. Maxim na wenzake walikipendekeza Kiesperanto, lugha ya kubuni, kiwe lugha yao ya pamoja. Lakini kilichoshika mizizi hewani kilikuwa kitu rahisi zaidi: nukta na vistari vya Morse pamoja na vifupisho vya herufi tatu vilivyoanzia kwenye telegrafu ya meli. Kwa vifupisho hivyo Mjapani angeweza kumwambia Mbrazili kwamba ishara zake zinafifia, au kumuuliza yuko wapi, bila yeyote kujua neno moja la lugha ya mwenzake.

Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa serikali. Mwaka 1927 mataifa yalikutana Washington kugawana mawimbi ya redio duniani. Baadhi yalitaka wanaredio wa ridhaa wafutwe kabisa, kwa hoja kwamba mawasiliano ni mali ya dola, na kwamba raia anayezungumza na wageni bila kusimamiwa ni hatari. Wawakilishi wa wanaredio waliingia katika mkutano huo wakijua kwamba wangetoka na kidogo, au wangetoka mikono mitupu. Walitoka na kidogo. Walipewa vipande vyembamba vya mawimbi, kuanzia mita 160 hadi mita 5, lakini kwa mara ya kwanza mkataba wa kimataifa uliwatambua. Masharti yalikuwa makali: nchi yoyote ingeweza kuwakataza raia wake kuzungumza na wa nchi nyingine, na mazungumzo yaliyoruhusiwa yalipaswa kuwa ya majaribio ya ufundi au mambo madogo ya binafsi. Wapo waliomlaumu Maxim na wenzake kwa kukubali hasara hiyo. Lakini mgawanyo wa mawimbi ya ridhaa unaotumika leo bado unafuata kwa sehemu kubwa mstari uliochorwa Washington.

Ishara kutoka kwenye barafu

Haikupita hata mwaka mmoja kabla ulimwengu kuonyeshwa kile ambacho ungepoteza. Tarehe 25 Mei 1928 chombo cha anga cha Italia kilichoongozwa na Jenerali Umberto Nobile kilianguka kwenye barafu kikitoka Ncha ya Kaskazini. Manusura walikuwa na redio ndogo ya mawimbi mafupi, na fundi wao Giuseppe Biagi aliita kwa siku kadhaa bila kujibiwa. Meli yao wenyewe iliyokuwa ikiwasubiri katika visiwa vya Svalbard haikumsikia. Mawimbi mafupi hupanda juu, hugonga tabaka la anga lenye chembe za umeme na kurudi ardhini mbali sana, hivyo aliye karibu anaweza kurukwa na aliye mbali akasikia.

Aliyesikia, tarehe 3 Juni, alikuwa Nikolai Schmidt, mwanaredio wa ridhaa katika kijiji cha Voznesenye-Vokhma, kaskazini mwa Urusi, akitumia kipokezi alichokitengeneza mwenyewe. Kijiji hicho na barafu ile vilitenganishwa na maelfu ya kilomita. Habari aliyoipeleka Moscow ikaenea duniani, na tarehe 12 Julai meli ya Kisovieti ya kuvunja barafu, Krasin, ikawafikia manusura wa mwisho. Nchi ya kikomunisti ilikuwa imewaokoa watu wa Italia ya kifashisti, na chanzo kilikuwa mtu mmoja kijijini aliyekuwa macho usiku.

Hatima ya Schmidt inaonyesha kwa nini Maxim aliipigania leseni kwa nguvu kiasi kile. Miaka michache baadaye, katika utawala wa Stalin, mtu mwenye redio alitazamwa kama jasusi. Schmidt alishtakiwa kwa tuhuma hizo na kuuawa mwaka 1942, na miongo mingi ikapita kabla jina lake kusafishwa. Mikono iliyokuwa imeokoa maisha ilionekana kuwa hatia.

Safari ya mwisho

Maxim hakuwa mtu wa jambo moja. Mwaka 1926 alianzisha pia chama cha watengenezaji filamu wa ridhaa. Alihamasisha usafiri wa ndege katika mji wake, na mwaka 1933 alichapisha kitabu kuhusu nafasi ya uhai katika ulimwengu wa nyota. Nyota hizo ndizo zilizomwita katika safari yake ya mwisho. Mapema mwaka 1936 alipanda treni na mkewe kuelekea California, akikusudia kutembelea jumba la kutazamia nyota la Lick. Njiani alishikwa na maradhi ya koo, akashushwa na kulazwa hospitalini katika mji mdogo wa La Junta, Colorado. Alifariki dunia huko tarehe 17 Februari 1936 akiwa na umri wa miaka 66. Hadi siku hiyo alikuwa bado rais wa Ligi na wa Umoja wa Kimataifa. Alizikwa Hagerstown, Maryland, katika mji wa familia ya mkewe.

Mwezi mmoja baadaye mvua na theluji iliyoyeyuka vilisababisha mafuriko makubwa kaskazini mashariki mwa Marekani. Pittsburgh na Johnstown zilizama, na mto Connecticut ukaingia Hartford kwenyewe. Simu na telegrafu zilikatika, na wanaredio wa ridhaa wakakesha wakipokezana maombi ya dawa, boti na habari za waliopotea. Mafuriko hayohayo yaliharibu kituo cha makao makuu cha Ligi kilichokuwa katika uwanja wa ndege wa Brainard. Wanachama waliijenga upya sauti yao katika mji wa jirani wa Newington, na kituo kipya kikafunguliwa Septemba 1938. Serikali ilikubali kipewe alama ya wito iliyokuwa ya Maxim mwenyewe, W1AW. Kwa kawaida mwanaredio anapokufa alama yake hunyamaza. Ya Maxim bado inasikika karibu kila siku.

Umoja alioukuta Paris ukiwa wazo tu sasa una vyama katika nchi nyingi, na Afrika Mashariki ni miongoni mwao. Alama za wito zinazoanza na 5Z ni za Kenya, 5H ni za Tanzania na 5X ni za Uganda. Mwenye leseni jijini Nairobi anaweza leo kumwita mwenziwe Arusha au Kampala kwa mtambo usiozidi ukubwa wa kitabu, bila mnara wa simu wala waya kati yao. Na pale tetemeko, kimbunga au mafuriko yanapobomoa minara ya simu, vyama hivyo huwaomba wanachama wake waache masafa fulani wazi kwa ajili ya walio katika dhiki, bila kujali ni wa nchi gani.

Jina la Maxim lilifika Afrika Mashariki mara mbili. Mara ya kwanza lilikuja kwa mlio uliowanyamazisha watu huko Mahenge. Mara ya pili lilikuja bila kutajwa, ndani ya desturi ya kumsikiliza mtu usiyemjua na kumpelekea ujumbe wake mbele, hadi umfikie aliyekusudiwa.